MAMBO YA NYUMBANI: Mbwa Mgonjwa, na Siku ya Kumwita Bwana Mifugo



Katika barua za mwezi huu imo moja iliyotoka upande wa Kitaya, kando ya mto Ruvuma. Mwandishi wake ana mbwa wawili walindao shamba la mihogo, maana huko nguruwe wa mwitu waweza kuharibu kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Naye atuuliza hivi: atajuaje ya kuwa mbwa ameugua kweli, wala si uchovu tu, asije akatoa nauli ya kwenda Mtwara mjini bure? Swali hili ni jema, wala si la mtu mmoja. Nauli ni fedha, na siku ya kazi ni fedha. Tena wako wengi wadhanio ya kuwa mganga wa wanyama ni wa ng'ombe na mbuzi, na mbwa akiugua hungojewa apone au afe. Basi tumeona vema ukurasa wote wa mwezi huu uwe jawabu yake.

Kwanza tuondoe hofu zisizo na maana. Pua kavu si ugonjwa. Mbwa aliyelala juani huamka na pua kavu, kisha akinywa maji hurudi kama kawaida. Kula majani mara moja moja si ugonjwa. Tena mwili wa mbwa una joto kupita wetu, kama digrii 38 na nusu, hivyo ukimshika tumboni ukamwona wa moto, usiseme ya kuwa ana homa. Na mbwa mkubwa aliyekataa chakula cha jioni moja, lakini maji anywa na mkia atikisa, huyo na angojewe hata kesho.

Alama ya kweli ni kuiacha desturi yake. Kila mbwa ana desturi zake kama mtu: mahali pake pa kulala, saa yake ya kuzunguka ua, watu wake wa kuwalaki na watu wake wa kuwabwekea. Yule ambaye kila siku humkimbilia mtoto atokapo shule, leo ameinua kichwa tu akakilaza tena, huyo ana neno. Yule mkali aliyekuwa mpole ghafula ana neno, na mpole aliyekuwa mkali ana neno kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, mtu wa kwanza wa kuulizwa katika nyumba si baba, bali ni mtoto apelekaye makombo. Yeye ndiye ajuaye ya kuwa tangu juzi mbwa hali ila upande mmoja wa kinywa, au ya kuwa amehara nyuma ya jiko.

Ukiona amebadilika, usimshike bado. Mtazame kwa mbali, asimamavyo, atembeavyo, amezavyo mate. Sababu yake mtaiona huko chini. Hesabu pumzi zake akiwa amelala kivulini: mbwa mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 10 hata 30 kwa dakika. Kisha, ikiwa ni mbwa aliyechanjwa, naye ni mtulivu kama siku zote, wala mate hayamtoki, ndipo umsogelee. Vuta chini kidogo ukope wa jicho. Nyama ya ndani yapasa kuwa na rangi ya pera lililoiva ndani. Ikiwa nyeupe, damu imempungukia. Ikiwa ya manjano, ini lake au damu yake imeharibika. Finya ngozi ya shingoni kisha uiachie. Kwa mbwa mzima hurudi mara moja. Ikibaki imesimama, maji yamemwishia mwilini. Hayo yote hayagharimu kitu, na bwana mifugo atafurahi kuyasikia kuliko kuambiwa tu, "Mbwa wangu hajisikii."

Sasa habari za kungoja na kutongoja. Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja kisha akalala na kuamka vizuri, mngojee. Achechemeaye lakini aukanyaga mguu, mtafutie mwiba. Lakini atapikaye tena na tena hata maji hayakai tumboni, au aharaye mchana na usiku, au asiyekula kwa siku mbili, huyo apelekwe. Mtoto wa mbwa asingojewe hata nusu ya muda huo, kwa kuwa mwili wake mdogo hauna akiba. Uko ugonjwa wa watoto wa mbwa ambao babu zetu hawakuujua, maana ulitokea ulimwenguni mwishoni mwa miaka ya 1970. Waganga wauita parvo. Mtoto wa mbwa huanza kwa kunyong'onyea, hutapika, kisha huhara damu yenye harufu mbaya sana. Asipotiwa maji mwilini na mganga, aweza kufa katika siku mbili tatu. Kumwambia mtu angoje Jumatatu kwa mbwa wa namna hii ni kumwambia achimbe kaburi. Uko mwingine uitwao kwa Kiingereza distemper, wenye tongo za macho, makamasi mazito, kikohozi, na mwisho kutetemeka kwa misuli. Huu ndio uliowaua simba wa Serengeti katika mwaka 1994, karibu theluthi yao. Basi msiuone kuwa ni mafua ya mbwa tu. Yote miwili ina chanjo, na chanjo hiyo si ile ya kichaa; ni vema kuuliza.

Katika nchi yetu yenye vichaka, kupe huleta homa za damu. Mbwa hulegea, ukope huwa mweupe, na pengine damu humtoka puani au mkojo wake huwa mweusi kama chai ya rangi. Penye mbung'o upo tena ugonjwa wa nagana, nao huwapata mbwa wa wawindaji kwa kuwa huingia porini sana. Dalili yake iliyo wazi ni jicho kufanya ukungu wa samawati, uso kuvimba, na mwili kukonda japokuwa mbwa ala vizuri. Watu huona jicho lile wakasema amemwagiwa mate ya nyoka, wakalitia maziwa. Maziwa hayadhuru, lakini siku zapotea, maana ugonjwa hauko jichoni, uko katika damu, na dawa yake ni ya sindano.

Yako mambo yasiyongoja hata kupambazuka. Kupumua kwa shida na ulimi kugeuka rangi. Tumbo kuvimba ghafula kama ngoma, huku ajaribu kutapika wala kitu hakitoki. Dume asiyeweza kukojoa. Jike mwenye kuzaa asukumaye kwa nguvu karibu saa nzima wala mtoto haji. Kifafa kipitacho dakika tano au kirudicho mara kwa mara. Kuumwa na nyoka. Kula sumu ya panya au dawa ya kunyunyizia mikorosho. Kadhalika jeraha la pembe ya nguruwe. Jeraha hili hudanganya, kwa kuwa tundu la nje ni dogo, na ndani nyama imepasuka kwa upana, pengine hata utumbo. Likiwa la tumboni au kifuani, lifunikwe kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi kidogo, wala lisitiwe majivu. Na katika jua la Novemba, mbwa aliyefungwa mnyororo mahali pasipo kivuli, akahema sana, akapepesuka, sharti amwagiwe maji ya kawaida na kupepewa palepale, kabla hamjatafuta usafiri.

Dawa za nyumbani tutazisema kwa ufupi. Msimpe mbwa vidonge vya maumivu vya watu. Kile kiponyacho kichwa cha mwalimu chaweza kuharibu tumbo, figo au ini la mbwa. Msimpake mwenye upele oili chafu ya gari, maana huilamba, nayo ni sumu. Wala kumchoma chuma cha moto hakujaponya kitu chochote tujuacho.

Kumpeleka nako kuna adabu yake. Mwiteni kwanza bwana mifugo wa kata kwa simu. Siku hizi mara nyingi bwana huyo ni mwanamke, lakini jina limebaki, nasi hatugombani na jina. Mwelezeni ilianza lini, amekula nini, ametapika au kuhara mara ngapi, amechanjwa lini. Mara nyingi yeye ataamua kama afaa kutibiwa kijijini au kupelekwa mbele, na hivyo jibu la nauli hupatikana kabla ya kutoa nauli. Mkimbeba, mwekeni juu ya gunia lililonyoshwa, watu wawili wakishika pembe zake. Hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Mfungeni mdomo kwa utepe wa kitambaa, isipokuwa atapikaye au mwenye shida ya pumzi.

Sasa tumefika penye neno lililotufanya tuandike kwa urefu.

Fikirini mbwa wa nyumbani, mpole, ambaye taya lake la chini limelegea. Mdomo haufungi, mate yachuruzika, sauti imekuwa ya mkwaruzo, ajaribu kunywa asiweze. Kila amwonaye asema, "Maskini, amekwamwa na mfupa." Mwenyewe kwa huruma amwita mwanawe amshike kichwa, naye atia mkono wake kinywani autafute mfupa. Hakuna mfupa. Koo limepooza, na mate yale yaliyomlowesha mkono mwenye mikwaruzo ya jembe na miiba ni mate ya kichaa cha mbwa.

Wengi wetu tulifundishwa ya kuwa mbwa mwenye kichaa ni yule akimbiaye na kuuma kila kitu. Yuko huyo: huacha nyumba, huenda mbali bila shabaha, huuma watu, mbuzi, hata vijiti na mawe. Lakini yuko na wa pili, aliyepooza, ajifichaye chini ya ghala, mnyonge, wala hakimbilii mtu. Wa kwanza watu humkimbia. Wa pili ndiye wamhurumiao na kumshika. Wala msingoje aogope maji ndipo mwamini, kwa kuwa kuogopa maji ni dalili ya mtu mwenye ugonjwa huu. Mbwa aweza kusogelea maji hata siku ya mwisho. Tena ugonjwa hukaa mwilini kwa majuma, pengine miezi, kabla ya kuonekana. Basi mbwa akibadilika leo, ulizeni nyumbani kama aliumwa na mbwa mgeni au na mnyama wa porini miezi iliyopita, hata kama kidonda kilikwisha kupona.

Katika pwani yetu habari ya mnyama wa porini si ya kupuuzwa. Wataalamu walizifuata habari za kichaa katika mikoa ya Lindi na Mtwara tangu 2011 hata 2019, nao waliona ya kuwa zaidi ya sehemu 40 katika 100 za wanyama walioandikwa kuwa na ugonjwa walikuwa wa porini, na wengi wao ni mbweha. Mbwa alindaye shamba usiku hukutana na mbweha mahali tusipokuwapo sisi. Na mbweha aingiaye kijijini mchana bila hofu si mbweha aliyezoea watu. Huyo ni mgonjwa.

Basi kwa mbwa wa namna hii, jawabu letu lageuka. Msimpeleke kwa bwana mifugo. Bwana mifugo ndiye aje kwake. Ikiwa yumo uani, fungeni mlango wa ua. Ikiwa yumo chumbani, fungeni chumba, wala mtu asiingie kumtilia maji. Akiwa yuko nje, waondoeni watoto, kisha piga simu. Majirani wapewe habari mara moja, bila kuona haya. Wengi wa majirani zetu wa pwani ni Waislamu, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, nao hutuvumilia sisi wenye kufuga. Haifai wasikie habari ya mbwa wetu baada ya mbuzi wao kuumwa. Tena msimpige kichwani kwa gongo. Mbali na ukatili wake, bongo ndilo lipimwalo ili kujua kama ni kichaa kweli, na matibabu ya watu waliomgusa yaweza kutegemea kipimo hicho. Mzoga usitupwe porini wanyama wengine wakaula.

Na aliyeumwa, au aliyekwaruzwa, au aliyeingiwa na mate penye kidonda au jichoni au kinywani? Aoshe mahali pale kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa muda wa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia. Aanze na hilo kabla ya kutafuta pikipiki, maana kuosha huku huondoa sehemu kubwa ya sumu ya ugonjwa. Asitie pilipili, wala mafuta ya taa, wala kahawa. Kisha aende hospitali siku iyo hiyo apate chanjo. Zahanati ndogo pengine haina. Aulize kwa simu ni wapi ilipo, asizunguke. Sindano ni zaidi ya moja, kwa siku zilizopangwa, naye asiziache katikati kwa kuwa kidonda kimefunga. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister wa miaka 9 huko Ufaransa, njia hii imeokoa watu wasiohesabika. Lakini hufaa kabla dalili hazijaanza. Dalili zikisha kuanza kwa mtu, karibu wote hufa, wala hakuna hospitali ya Tanzania au ya Ulaya yenye dawa ya kutegemewa. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na katika kila watu kumi walioumwa na mnyama adhaniwaye kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Yote hayo huzuiwa kwa sindano moja ya mbwa, irudiwayo kwa wakati wake. Kuanzia mwaka 2010 Serikali pamoja na Shirika hilo walifanya kampeni za kuchanja mbwa katika wilaya 28, za kusini-mashariki ya nchi yetu na za Pemba, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwamo. Ugonjwa ukapungua, hata penye mbweha. Pemba ulikwisha kabisa mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 ukaingia tena, watu wakachanja tena mbwa wao, nao mwaka 2018 ukaisha mara ya pili. Kipimo kitajwacho na wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, maana mbwa hufa na wengine huzaliwa, na kijiji kilichochanja mwaka juzi hakiwezi kujisifu leo. Mahali pengi chanjo hutolewa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya ulimwengu ya kichaa cha mbwa. Wapelekeni na watoto wa mbwa, wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa wadogo mno. Bwana mifugo atasema nani arudi. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto wa nyumbani, isitumiwe kuwashia moto.

Ninyi waalimu mna kazi moja hapa ambayo bwana mifugo hawezi kuifanya. Mtoto aliyeumwa na mbwa mara nyingi huficha. Huogopa kupigwa kwa kuwa alimchokoza, au huogopa mbwa wake ampendaye atauawa, au alipita shamba la mtu asiporuhusiwa. Hujifunga kitambaa, husema ameanguka, na kidonda hupona vizuri kabisa. Basi semeni darasani, na mseme mbele ya wazazi siku ya mkutano, ya kuwa mtoto aletaye habari ya kuumwa hatapigwa wala kuulizwa alikuwa wapi, mpaka mkono wake uwe umekwisha kuoshwa na safari ya hospitali imepangwa. Na kipande cha sabuni kiwepo shuleni, mahali pajulikanapo, pamoja na ndoo ya maji yenye bomba. Nambari ya simu ya bwana mifugo wa kata iandikwe ukutani penye ratiba ya masomo.

Mama mmoja wa Msimbati ametuuliza habari ya kuku wafao kwa mkumbo wakati wa upepo wa kusi. Huyo tutamjibu mwezi ujao.